Jarida Halitoki Nje

Mwenyekiti wa kikao, wakutubi wenzangu, walimu, na nyinyi wanafunzi mliojazana karibu na mlango ili iwe rahisi kuchomoka, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie jambo ambalo mtu wa nje akilisikia atadhani tumekosa kazi: je, maktaba za vyuo ziazimishe majarida? Nimekaa sehemu ya majarida zaidi ya miaka ishirini, na swali hili niliulizwa mara ya kwanza nikiwa na wiki tatu tu kazini. Aliyeniuliza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mwembamba, begi lake limeharibika zipu. Mkono mmoja ameshika kitabu, wa pili jarida. Akaniambia, "Kaka, hiki kitabu kina kurasa 600 na unanipa wiki mbili niende nacho bwenini. Hiki kijarida kina kurasa 80, unaniambia kisivuke kizingiti. Kwani humu ndani kuna nini?"

Nikampa jibu ambalo kila mkutubi kijana analo mdomoni: "Ndiyo taratibu." Akalitua jarida kaunta, akaenda zake na kitabu. Nilibaki nalitazama lile jarida. Sikuwa najua kwa nini.

Sasa najua, na nianze kwa kuwatetea waliotunga taratibu ile, maana hawakuwa watu wa roho mbaya. Ukiazima kitabu umekodi teksi: unakwenda nacho safari yako, ukifika unashuka. Jarida ni daladala. Fungua toleo lolote la Kiswahili, lile jarida la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo utakuta mmoja anachambua ngeli za nomino, mwingine yuko na ushairi wa Mvita, wa tatu anakosoa kamusi, wa nne tamthiliya. Abiria wanne, vituo vinne. Mtu wa ushairi akiondoka nalo wiki mbili, amelichukua basi zima kwa ajili ya kiti kimoja, na wenzake wamebaki kituoni.

La pili ni kwamba toleo likipotea halirudi. Kitabu unaweza kukiagiza tena mwaka ujao. Mchapishaji wa jarida huchapa kwa hesabu ya waliolipia na kuweka akiba kidogo. Akiba ikiisha, basi. Na sisi hapa tulijifunza somo hilo kwa machungu. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na miaka ya 1980 yote, fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Nchi haina mafuta ya magari, nani atalipia jarida la kemia Uholanzi? Maktaba nyingi za vyuo Afrika zilikatiwa majarida kundi kwa kundi. Ukiingia kwenye rafu za zamani unaiona historia hiyo kwa macho: juzuu zimepangana vizuri, rangi moja, kisha ghafla zinakoma, kama barabara iliyoishiwa lami. Mkutubi aliyepitia miaka ile, toleo moja lililofika salama alilishika kama yai. Huwezi kumwambia mtu huyo aliazimishe.

Basi hoja ya kuzuia ni ya kweli. Lakini katika miaka yote niliyokaa kwenye ile kaunta nimeona pia kinachotokea ukizuia.

Nikiri jambo. Nilipokuwa mwanafunzi, kabla ya kazi hii, tulipewa kazi ya darasani watu zaidi ya mia moja, na makala muhimu ilikuwa moja, ndani ya toleo moja, kwenye maktaba yenye nakala moja. Bumu lilikuwa limekwisha, pesa ya kopi sina. Nikalisoma nusu. Maktaba ilipokaribia kufungwa nikaenda sehemu ya sheria, nikalisukuma nyuma ya safu ya ripoti za mahakama, mahali ambapo sikuwahi kuona mtu wa kitivo chetu. Nilirudi siku nne mfululizo, kila siku nalichomoa, nasoma, nalirudisha mafichoni. Wenzangu walikuwa wanazunguka rafu wanalaani. Mmoja aliandika kazi yake akitegemea desa la mwaka wa nyuma, na makosa ya mwaka wa nyuma akayanakili yote. Nilipata alama nzuri. Sijawahi kumwambia hadi leo, na kama yumo humu ukumbini, ndugu yangu, samahani sana.

Jarida lile halikuwa limetoka nje ya mlango. Kwa mujibu wa taratibu, kila kitu kilikuwa sawa.

Baadaye nikiwa upande wa pili wa kaunta nikakutana na wembe. Mkutubi mzoefu hahitaji kufungua juzuu kujua imekatwa. Unaishika tu unahisi imelegea katikati, jalada linapwaya, kama suruali ya mtu aliyeugua. Ukifungua unaona visiki vya karatasi karibu na mshono, vimekatwa sawasawa kwa rula, kuanzia ukurasa wa kwanza wa makala hadi wa mwisho. Huyu si mharibifu wa kuchanachana. Huyu alikuwa na adabu zake. Alichukua alichohitaji akaacha kingine chote. Mara nyingi nimejiuliza angefanya nini kama ningemwambia saa 2 usiku, "Chukua, nirudishie kesho saa 3 asubuhi kabla foleni haijaanza." Wapo ambao wangekata hata hivyo, sikatai. Lakini wengi niliowahi kuwakamata walikuwa watu waliotoka mbali, wana siku moja mjini, umeme umekatika, mashine ya kopi imelala, na basi la kurudi ni alfajiri.

Na hiyo mashine ya kopi tuizungumze, kwa sababu ndiyo tuliyoiweka badala ya kuazimisha tukadhani tumemaliza kazi. Walioanza kazi karibuni hawajui kujalidi, kwa hiyo nieleze. Mwaka ukiisha unakusanya matoleo manne, unakagua ukurasa kwa ukurasa, unafunga kamba, unapeleka kwa mjalidi. Tulikuwa tunabandua majalada ya karatasi na matangazo ili juzuu isinenepe. Leo watafiti wa historia wanatuuliza matangazo yako wapi, tunaangalia chini. Toleo la tatu likichelewa, mengine yote yanalisubiri, yamefungwa kwenye boksi miezi sita, hayako rafuni wala kwa mjalidi. Yakirudi yamekuwa tofali la kilo tatu.

Sasa lichukue tofali hilo ulilaze kifudifudi juu ya kioo cha mashine. Maandishi ya karibu na mshono hayatoki, panatoka kivuli cheusi. Kijana wa kopi anabonyeza kwa kiganja. Bado. Anabonyeza kwa kiwiko. Unasikia "kwaa!" Mgongo umeachia gundi. Nimeona juzuu ambayo haijawahi kutoka nje ya jengo hata siku moja, imevunjwa mgongo mara tatu humohumo ndani, na kila mara tumeirekodi kuwa iko salama. Kitanda cha bwenini kisingeifanya vile.

Halafu kulikuwa na walimu. Katika maktaba niliyoanzia, na sitaitaja, mwanafunzi alikuwa hagusi, lakini mhadhiri aliruhusiwa kuondoka na toleo ambalo halijajalidiwa, Ijumaa hadi Jumatatu. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wetu ulikuwa na meno upande mmoja. Jumatatu ya baadhi ya wahadhiri ilikuwa haifiki. Unamwandikia barua, anakukuta korido anakutania, "Bwana maktaba, si unajua liko kwangu? Kwangu ni salama kuliko kwako." Nitarudi kwa mmoja wao, maana begi hili mezani linamhusu.

Wapo waliothubutu kuyatuma majarida nje, tena kwa posta. Uingereza, Donald Urquhart alikuwa akishughulika na maktaba ya Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London, na mwaka 1956 alihesabu ni majarida gani hasa yanaombwa. Maktaba ilikuwa na majarida zaidi ya 9,000. Zaidi ya nusu hayakuombwa na mtu hata mara moja mwaka ule. Na chini ya moja ya kumi yalitosheleza maombi manane katika kila kumi. Mimi niliposoma hesabu hizo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kufuta vumbi kwenye rafu ambazo aliyezigusa mara ya mwisho alikuwa mimi mwenyewe, nikifuta vumbi.

Mwaka 1962 maktaba ya taifa ya kuazimisha sayansi ikafunguliwa Boston Spa, Yorkshire, kwenye eneo lililokuwa kiwanda cha silaha wakati wa vita. Urquhart ndiye aliyeiongoza. Majarida aliyapanga kwa alfabeti ya majina yao, kwisha. Hakuna katalogi. Ombi likifika kwa posta, mfanyakazi anasoma jina, anatembea hadi kwenye rafu, anachomoa, anafunga, linaondoka. Mwanzoni lilikuwa linaondoka jarida lenyewe. Kadiri mashine za kopi zilivyoenea ikawa inaondoka nakala ya makala, na maktaba za nchi za nje zilikuwa zikinunua kuponi mapema na kuzituma pamoja na ombi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 maombi yalipita milioni 4 kwa mwaka.

Msiniambie "Ile ni Uingereza, wana posta." Najua. Ninachotaka mkione ni kwamba Urquhart alianza kwa kuhesabu. Sisi tuliandika kibao "Majarida Hayatoki" tukakipigilia msumari juu ya rafu nzima, kuanzia jarida linaloombwa kila saa hadi lile lililolala tangu lizaliwe. Hatukuuliza lipi ni lipi.

Nami nilipoanza kuuliza nikagundua tumekigeuza kibao. Tunalinda kwa nguvu zilezile jarida la kigeni lenye jalada la kung'aa, ambalo liko kwenye maktaba elfu moja duniani na nakala yake iko kwenye kompyuta, na jarida letu la hapa lililochapwa nakala chache kwa stensili, likagawiwa idara mbili tatu na labda balozi moja. La kwanza likipotea ni hasara ya pesa. La pili likipotea limetoweka duniani. Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na nimeshatukanwa kwa ajili yake kwenye vikao: la kigeni ambalo lina nakala ya mtandaoni, liazimisheni. Usiku mmoja, wikiendi, hata wiki. Kama mtu anaweza kusoma vizuri zaidi akiwa amejilaza na karatasi mkononi kuliko kukodoa macho kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mwacheni alichukue. Linawanyima nani? Mwenzake atasoma nakala ya mtandaoni.

La kwetu likae ndani, liskaniwe, kisha skani ndiyo izunguke nchi nzima. Nataja mifano. Tanganyika Notes and Records lilianza 1936, baadaye likawa Tanzania Notes and Records. Kamati ya Lugha, ile ya kusanifisha Kiswahili Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930, ilikuwa na taarifa yake, ikaja kuitwa Swahili, kisha Kiswahili. Mnajua kilichotokea kwenye katalogi zetu? Jina likibadilika, mkutubi analipa namba nyingine, linahamia rafu nyingine. Mwanafunzi anatafuta, anapata kipande kimoja cha uzi uleule, anaandika kwenye tasnifu yake kwamba jarida hilo "halipatikani kwa miaka ya kabla." Lipo hatua kumi kutoka aliposimama! Limebadilisha jina tu, kama binti aliyeolewa.

Sasa najua kuna vijana wanasema moyoni, "Mzee anapigana vita vya jana, majarida yote yako mtandaoni." Nakubali nusu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha HINARI, mpango wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya tiba mtandaoni bure au kwa bei nafuu, mwaka uliofuata ikaja AGORA ya kilimo, na mengine yakafuata. Madaktari wetu waliofungua jarida la tiba bila kulipia wanajua baraka ya jambo lile. AJOL ilianza 1998 kuyaweka mtandaoni majarida ya Afrika, na Kioo cha Lugha mnalisoma humo mkiwa kwenye mwendokasi. Sina ugomvi.

Ila jarida la karatasi lilikuwa nyumba yetu. Tulilinunua, likaingia, likapigwa muhuri, hata tukiacha kulipia mwaka ujao ya nyuma yanabaki. Ya mtandaoni, mengi tumepanga tu. Kodi ikiisha unakuta kufuli. Na mpangaji haruhusiwi kupangisha: mkataba ndio unaosema nani aingie, nani asiingie, na kama unaweza kumtumia makala mkutubi mwenzako wa Iringa au Bujumbura. Nimewahi kushika mkataba ulioruhusu kutuma makala kwa maktaba nyingine, kwa sharti kwamba kwanza tuichape kwenye karatasi, kisha karatasi hiyo tuiskani, ndipo tuitume. Faili ilikuwa tayari iko kwenye kompyuta! Tukafanya hivyo kwa utii kamili, mashine inanguruma, wino unaisha, tukijiona kama watu wanaochota maji kisimani kujaza pipa ili wapate kuchota kwenye pipa.

Waulizeni Bangladesh habari za kupanga. Januari 2011 madaktari na watafiti wa huko waliamka wakakuta majarida zaidi ya 2,500 waliyokuwa wakisoma kupitia HINARI hayafunguki. Wachapishaji walikuwa wameyaondoa. Jarida la tiba la The Lancet likaandika, kelele zikapigwa, mlango ukafunguliwa tena. Lakini aliyefungua ndiye aliyefunga. Hakuna mkutubi wa Dhaka aliyekuwa na funguo.

Ndiyo maana nasema mjadala wa kuazimisha haujapitwa na wakati, umehamia kwenye mikataba. Mkienda kujadiliana na wachapishaji kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu Tanzania, au wenzetu wa Kenya kupitia umoja wao wa KLISC, kifungu cha kwanza kukitafuta kisiwe bei. Tafuteni kinachosema tutabaki na nini tukiacha kulipa, na tunaweza kumpa nani. Hapo ndipo kaunta ya kuazimishia ilipo siku hizi. Bei mtapambana nayo baadaye, na kwa vyovyote mtalia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na begi.

Mhadhiri yule wa "kwangu ni salama" aliondoka Ijumaa moja na toleo la pili la jarida dogo la historia, la humuhumu nchini, karatasi zake za rangi ya chai. Hakulirudisha. Tulisubiri mwaka mzima, mwishowe tukapeleka matoleo mengine kwa mjalidi, na pale katikati mjalidi akashona karatasi nyeupe niliyoandika kwa mkono wangu: "Na. 2 halipo." Ikapita miaka kumi na moja, mwalimu akafariki. Miezi michache baadaye akaja binti yake na mfuko wa rambo. "Shikamoo mzee. Hii ina muhuri wa kwenu." Ndani ya mfuko kuna gazeti, ndani ya gazeti kuna toleo la pili. Nikamwambia marahaba mwanangu, nikashindwa kusema zaidi. Pembeni mwa kurasa, mwalimu alikuwa amejaza maelezo kwa penseli: hapa mwandishi amekosea mwaka, hapa muulize mzee fulani wa Kilwa, hapa pana ushahidi mwingine. Ukurasa baada ya ukurasa. Yaliyoandikwa pembeni yanakaribia kulingana na yaliyochapwa.

Nikampigia mkuu wangu simu. Akaniuliza faini ni kiasi gani. Nikamwambia tukiipiga hesabu itazidi bei ya rafu. Juzuu nayo ilikuwa imeshafungwa, hakuna pa kulishona. Likawa jarida lisilo na namba wala mahali, likabaki mezani kwangu, na nilipostaafu nikaondoka nalo. Kwa hiyo ndiyo, wakutubi wenzangu, mimi pia nina jarida la maktaba nyumbani. Mwezi jana kijana mmoja alikuja na mashine ndogo, tukaliskani lote, penseli na yote, na nakala nimeipeleka chuo.

Hili hapa. Nitalianzishia mstari wa mbele, lipite mkono kwa mkono hadi nyuma. Msilifungue mkalilaza, mgongo wake umelegea. Mwenye kalamu ya wino aiweke mfukoni kwanza. Na nyinyi wa mlangoni, likifika kwenu nalihitaji lirudi. Haya, nani ana swali?